Sura ya Nne: Kwa Nini Kilitupwa?

"Usikae!"

Nilikuwa nimeshainama, mkono mmoja umeshika egemeo la sofa la rangi ya kahawia lililowekwa chini ya mti kando ya barabara. Shangazi alinivuta kwa mkoba wangu wa mgongoni kama mtu anayemwondoa mtoto kwenye waya wa umeme. Akatoa tochi ndogo na kadi ya benki iliyokwisha muda wake, akapiga magoti mbele ya lile sofa, akaanza kuipitisha kadi kwenye mishono ya mto polepole, tochi ikimulika nyuma yake. Alipofika kona ya tatu akasimama, akaifuta kadi kwenye majani.

"Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Vidoa vyeusi, vidogo kama nukta za kalamu, vimejipanga kando ya uzi.

"Kunguni," akasema. "Twende zetu."

Hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa mama wa Tanga aliyeishi Boston miaka mingi akiwatunza wazee majumbani mwao, na kila kijana aliyetua pale kutoka Afrika Mashariki alimpa shikamoo na kumwita hivyo. Jana yake nilikuwa nimemuuliza tutakwenda duka gani kutafuta samani za chumba changu cha kwanza. "Duka liko barabarani, mwanangu," alijibu. "Vaa viatu vya kufunika, na ule kabisa kabla ya kutoka."

Siku ile ilikuwa tarehe 1 Septemba, na mtaa wenyewe ni Allston. Wenyeji wa Boston wanaiita siku hiyo Krismasi ya Allston, maana ukiamka asubuhi unakuta zawadi zimetandazwa nje: makabati, meza, taa, vitanda vilivyofunguliwa, rafu za vitabu, mashine za kahawa, vioo virefu vinavyoakisi mawingu. Hakuna anayeuza wala anayelinda.

Boston ni mji wa vyuo. Mikataba mingi ya pango huanza tarehe 1 Septemba na kwisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyumba za wanafunzi hubadilisha wapangaji kwa mpigo. Anayetoka lazima awe ametoka, anayeingia bado hajakabidhiwa ufunguo, na kati yao kuna usiku mmoja na malori yasiyotosha. Hata mwenye lori hana raha. Barabara ya Storrow Drive, inayofuata Mto Charles, inapita chini ya madaraja yaliyo chini mno kwa malori, na ingawa mabango ya onyo yamejaa, kila mwaka hapakosi kijana aliyekodi lori kwa mara ya kwanza maishani akaliingiza humo, paa likachunwa kama kopo la samaki. Mtu aliye ghorofa ya nne, asiye na lifti wala lori, anaitazama meza yake, anazitazama ngazi, kisha anaishusha na kuiacha hapohapo chini.

Kwangu lilikuwa jambo la kushangaza, kwa kuwa nilikulia Temeke, si mbali na Keko, ambako mlio wa misumeno ya mafundi seremala ndio uliotuamsha asubuhi. Nyumbani sikupata kuona kiti kikitupwa. Kiti kilishushwa cheo. Kilianzia sebuleni, kimevikwa kitambaa cha kudarizi mgongoni, kikaliwe na wageni tu. Kitambaa kikichakaa, kilihamia chumba cha watoto. Mguu ukilegea, kilikwenda uani, mama akakikalia akichambua mchele. Egemeo likivunjika, fundi baiskeli wa jirani alikiomba, akakikata kikawa kigoda. Na siku kigoda chenyewe kilipopasuka, kilichochea moto chini ya sufuria la pilau la msiba wa mtu. Kutoka sebuleni hadi majivuni zilipita kama siku za ujana wangu wote.

Nilipofika Boston nilidhani Wamarekani wana roho ya kutupa, nasi tuna roho ya kutunza. Shangazi alinicheka. "Roho gani? Piga hesabu." Dar es Salaam mbao ya mninga au mkongo ni ghali, lakini kijana mwenye guta atakubebea kabati mpaka Mbagala kwa bei ya kupatana. Boston ubao ni rahisi, na kilicho ghali ni mgongo wa mtu: kumlipa wa kubeba, wa kurekebisha, wa kukuwekea kitu ghalani. Kiti kinatupwa siku ile gharama ya kukihamisha inapoipita bei ya kununua kingine, nayo siku hiyo inaweza kufika kiti kikiwa bado kizima kabisa. Mhamishe bibi yangu Allston, akae ghorofa ya nne bila lifti, naye atakiacha kiti chini ya mti kabla ya mwaka kwisha.

Hesabu hiyo, ikifanywa na watu wengi, inajaza majalala. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba mwaka 1960 samani na vitu vya kupambia nyumba vilivyotupwa nchini humo vilifika kama tani milioni 2.2. Mwaka 2018 vilikuwa tani milioni 12.1, na katika kila tani 10 za takataka hizo, 8 zilifukiwa ardhini. Idadi ya watu haikuongezeka mara tano katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni kiti.

Kampuni ya IKEA, iliyoanzishwa Sweden mwaka 1943 na Ingvar Kamprad, ina kisa chake inachopenda kusimulia. Mnamo 1956 mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, alitaka kuisafirisha meza moja, ikakataa kuingia ndani ya gari. Akaing'oa miguu. Kutokana na miguu hiyo ukazaliwa utaratibu wa kuuza samani zikiwa vipande ndani ya boksi bapa, mnunuzi azikaze mwenyewe nyumbani. Kufunguka si kosa. Kiti mashuhuri cha Michael Thonet, kile cha mwaka 1859 cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, nacho kilikuwa na vipande 6 tu, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Lakini vipande vya Thonet vilikuwa mti mtupu. Unaifungua skrubu, unaikaza tena, na tundu linabaki tundu.

Samani nyingi za bei nafuu za siku hizi zimeundwa kwa chipbodi: vipande vidogo vya mbao na maranda, vikachanganywa na gundi, vikashindiliwa kwa joto, kisha vikafunikwa ngozi nyembamba yenye picha ya mti. Kabati la namna hiyo husimama vizuri likiwa halijaguswa. Ukilifungua ili uhame, skrubu inatoka na unga. Ukilifunga tena, tundu limeshapanuka. Likinyeshewa na mvua moja, pembe zinavimba kama mkate kwenye chai. Ni kitu kilichoundwa kuvuka kuhama mara moja, wakabahatika wenye kuvuka nacho mara mbili.

Tena tunapenda vipya. Wahenga walituona mapema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka 2002 IKEA ilitoa tangazo la televisheni, lililoongozwa na Spike Jonze, kuhusu taa ya mezani inayotolewa nje na kuachwa kwenye mvua usiku, imeinamisha kichwa, huku dirishani ikionekana taa mpya ikiwaka. Mtazamaji akianza kuihurumia, anatokea mtu na kumwambia kwamba amerukwa na akili, taa haina hisia, na ile mpya ni bora zaidi. Watu walicheka, na tangazo likapata tuzo. Miaka 16 baadaye, mwaka 2018, kampuni hiyohiyo nchini Kanada ilitoa mwendelezo wake: mtoto wa kike anapita, anaiokota ile taa, anakwenda nayo kwao. Safari hii hakuna anayemcheka mwenye huruma.

Basi yule mtoto ndiye mimi, isipokuwa kwamba mtoto hana haya, na mimi nilikuwa nayo tele. Kwa Kiswahili cha mtaani kwetu "mwokota makopo" si kazi, ni tusi, ni jina la mtu aliyepungukiwa na akili. Mama aliponipigia simu ya video akaona meza nyuma yangu, aliniuliza nimeinunua kwa kiasi gani, nami nikataja bei. Nilidanganya kabla sijafikiri. Usiku ule nililala nikijiuliza aibu hiyo imetoka wapi, maana shati nililokuwa nimevaa wakati nadanganya lilikuwa la mtumba kutoka Karume. Shati lile pia lilitupwa na mtu. Lakini kati yake na mimi palipita robota, muuzaji na noti, na noti ndiyo iliyolitakasa. Tunavaa kilichotupwa na wengine kifua mbele, mradi tumekilipia. Bei ni sabuni. Kitu cha barabarani hakijapita kwenye sabuni hiyo, kwa hiyo ni juu yako kukiosha mwenyewe, kwa macho kwanza, kisha kwa mikono.

Kuosha kwa macho ndiko Shangazi alikonifundisha siku ile, tukizunguka na kigari cha matairi mawili tulichoazima. Mbele ya kila kitu alisimama na kuuliza swali lilelile, kwa sauti, kana kwamba kitu chenyewe kingemjibu: "Kwa nini walikutupa?"

Majibu, alisema, ni matatu. Mwenyewe anahama, mwenyewe amekichoka, au kitu chenyewe ni mgonjwa. La kwanza na la pili ni heri yako. La tatu litahamia kwako.

Dalili za kuhama ziko wazi: tarehe yenyewe, maboksi pembeni, kitu kimeegeshwa ukutani kwa adabu, skrubu zake zimetiwa kwenye mfuko wa plastiki na kubandikwa mgongoni. Mtu aliyebandika skrubu anamfikiria atakayekuja. Dalili za kuchokwa ni mtindo uliopita: kabati zito la bibi, meza yenye miguu iliyochongwa, rangi isiyotamaniwa tena. Hapo ndipo penye dhahabu, kwa sababu mbao haijui mitindo. Na mgonjwa naye ana dalili zake. Sofa lililochanwa kwa kisu usilihurumie. Pengine mwenyewe amelichana makusudi asije mtu akalichukua. Na penye stika ya onyo ya jiji pita mbali, kwani wakaguzi wa Boston huzunguka siku hizo wakibandika stika kwenye samani zenye kunguni.

Kunguni mkubwa ana urefu wa kama milimita 5, bapa, wa rangi ya hudhurungi, naye hujificha panapoingia ukingo wa kadi: kwenye mishono, chini ya vifungo vya mto, nyuma ya kitambaa kinachofunika tumbo la sofa. Huacha vidoa vyeusi vya kinyesi, magamba ya kujivua, na mayai meupe madogo kuliko punje ya uwele. Anaweza kukaa miezi bila kuuma mtu, kwa hiyo kukiacha kitu barazani wiki moja hakusaidii. Joto ndilo linalomuua: nyuzi 50 za Selsiasi na zaidi, likifika mpaka ndani, kama lile la mashine ya kukaushia nguo. Sofa haliingii kwenye mashine. Kwa hiyo kanuni ya Shangazi ilikuwa fupi: mti na chuma chukua, sponji acha. Godoro usiliguse hata likiwa na nailoni ya dukani.

Najua kanuni hiyo ni ya kweli kwa sababu niliivunja. Wiki mbili baadaye, nikiwa peke yangu, nilikutana na kiti cha kuegemea chenye mto wa kijani, kizuri, laini, kikavu. Nikakikagua juujuu kama mtu aliyekwishaamua. Siku ya tisa niliamka na vipele vitatu mkononi vilivyopanga mstari. Niliyolipa baadaye kwa dawa, kufua na kukausha kila uzi niliokuwa nao yangeninunulia kiti kipya na stuli yake. Cha bure kilinigharimu kuliko vyote nilivyowahi kununua, na Shangazi, aliyenipigia hodi kunisaidia kubeba magunia ya nguo, hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya kunguni, mti wenyewe. Vuta droo uitoe kabisa, uitazame ubavuni, pale ubao wa mbele unapokutana na wa pembeni. Kama vimeingiliana kama vidole vya mikono miwili, hiyo ni kazi ya mtu aliyetaka idumu. Kama vimeshikwa na pini na gundi, shusha matumaini. Tazama ukingo wa meza: katika mti mtupu mistari ya juu inashuka na kuendelea ubavuni, katika chipbodi picha inaishia kwenye pembe. Nyanyua upande mmoja. Uzito peke yake si ushahidi, maana chipbodi nayo ni nzito, ila ukikuta skrubu imezungukwa na unga umeshapata jibu. Nusa. Moshi wa sigara na mkojo wa paka vikishaingia kwenye mbao ni wapangaji wasiohamishika. Mwisho kitikise. Kiti kinachoyumba hakina kosa kubwa. Kiti kilichopasuka kwa kufuata nyuzi za mti, miguuni, kina kosa.

Viko vitu viwili ambavyo Shangazi hakuviuliza hata swali. Cha kwanza ni kitanda cha mtoto mchanga. Marekani ilipiga marufuku tarehe 28 Juni 2011 vile ambavyo ubavu wake mmoja hushuka, kwa kuwa watoto walikuwa wakinaswa na kufa, na vya zamani bado hutokea njiani. Cha pili ni samani ya kale yenye rangi inayobanduka, kwa sababu rangi yenye madini ya risasi ilizuiwa huko mwaka 1978 tu. Ukiipiga msasa, vumbi lake linaingia kwenye mapafu yako na kwenye vidole vya mtoto wako.

Jioni tulikuwa na meza ya jikoni, rafu ya chuma, taa, kabati la droo nne lililokosa kishikio kimoja, na kiti. Kiti hicho ndicho nilichokipenda. Kilikuwa cha mti mgumu wa rangi ya asali, chenye fito mgongoni, kizuri kama mzee aliyevaa kanzu safi, lakini kilipepesuka ukikikalia. Fito za kuunganisha miguu zilikuwa zimelegea kwenye matundu yake, gundi ya zamani imekauka ikawa kama sukari.

Kukitengeneza kulinichukua siku mbili na chini ya dola kumi. Kwanza unazichomoa fito zote na kuzipa namba kwa kalamu ya risasi, maana kila moja ina tundu lake. Kisha unakwangua gundi yote ya zamani, kwenye fito na ndani ya tundu, mpaka uone mti. Hapa ndipo wengi wanapokosea: gundi ya mbao hushika mti, haishiki gundi nyingine, na kumimina mpya juu ya ya zamani ni kupaka plasta juu ya vumbi. Ukishapaka unarudisha fito, unasimamisha kiti mahali palipo sawa, halafu unakibana mpaka gundi ikauke.

Sikuwa na jiliwa wala kibanio chochote. Nikakaa sakafuni na kamba ya kuanikia nguo, nikikumbuka kitanda cha bibi. Kilikuwa kitanda cha kamba, kile tulichokiita teremka tukaze, kwa sababu baada ya miezi kamba hulegea na lazima wote mteremke ili zikazwe. Bibi alikuwa akiingiza kijiti kati ya kamba mbili na kukizungusha, kamba zikajisokota na kuvuta mifumbati kwa nguvu ambazo mikono yake mitupu haikuwa nazo. Nikaizungusha kamba mara mbili kwenye miguu minne ya kiti, nikachomeka mwiko wa ugali katikati, nikasokota. Viungo vikaingia kimoja baada ya kingine, gundi ikichuruzika kwenye midomo ya matundu. Nikaufunga mwiko usirudi nyuma, nikaifuta gundi kwa kitambaa kibichi, nikaenda kulala. Asubuhi nilikikalia. Kilinyamaza.

Mama alipopiga simu tena, nilikuwa nimekikalia kiti hicho. Nikamwambia ukweli: kwamba nimekiokota, kwamba kilikuwa kinayumba, kwamba nimekikaza kwa kamba na mwiko kama bibi. Alikaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Kigeuze nikione chini." Nikakipindua mbele ya kamera. Akachungulia kiungo kwa kiungo, kama fundi wa Keko anayekagua kazi ya mwanafunzi. "Huo wa kushoto nyuma umezidisha gundi," akasema. Ndivyo nilivyojua kwamba amenisamehe.

Nilikaa na kiti kile miaka miwili. Mkataba ulipokwisha nilikuwa narudi nyumbani na masanduku mawili, na hesabu ya Shangazi ikanifikia na mimi: kukisafirisha kungegharimu kuliko kuagiza viti vinne kwa fundi. Asubuhi ya tarehe 31 Agosti nilikishusha ngazi zote, nikakiweka chini ya mti, mbali na bomba linalovuja. Kisha nikakumbuka swali. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika kwa Kiingereza kwa herufi kubwa: kizima, kimegundishwa upya, hakijawahi kuwa na mto, hakina kunguni, mwenyewe amehama. Nikaibandika kwenye egemeo.

Sijafika kwenye kona nikageuka. Msichana mmoja alikuwa ameshasimama mbele yake, ameshuka kwenye baiskeli. Hakuisoma ile karatasi kwanza. Alikipindua kiti, akawasha tochi ya simu, akaimulika miguu mmoja mmoja. Ndipo akakisimamisha, akasoma, akakaa.